Shubiri kwanza, rula baadaye

Watoto wengi hukariri mita na sentimita kabla hawajashika hata kamba. Hivi ndivyo mzazi wa mjini anavyoweza kumfundisha mwanawe kupima urefu akitumia mikono, omena na leso.

HUENDA mwanao aliye Gredi ya 3 huja nyumbani na daftari lililojaa alama za vema. Ukimwuliza mita moja ina sentimita ngapi, atajibu mia moja kabla hujamaliza swali. Lakini hebu mjaribu leo jioni baada ya chakula. Chukua rula yake na uweke penseli kando yake, ila usianzie kwenye sifuri. Ianzishe penye 3, iishie penye 11. Kisha mwulize: "Mwanangu, penseli hii ina urefu gani?"

Usishangae akikujibu sentimita 11. Watoto wengi, si wa Kisumu pekee bali wa kila pembe ya dunia, husoma tu tarakimu iliyo mwishoni. Wengine watahesabu 3, 4, 5 hadi 11 kwa kidole na kukwambia 9, kwa kuwa wamehesabu alama badala ya nafasi zilizo kati ya alama. Jibu sahihi ni 8.

Mtoto anayekosea hivyo si mjinga, wala mwalimu wake hajalala. Amefundishwa kusoma rula, lakini bado hajajua kupima. Mambo hayo mawili hayafanani hata kidogo.

Kupima urefu ni kuchukua kitu kimoja kidogo, kukirudia juu ya kitu kikubwa toka mwanzo hadi mwisho bila kuacha mwanya na bila kupandanisha, kisha kuhesabu umekirudia mara ngapi. Rula hutupunguzia kazi hiyo. Kila sentimita iliyochorwa humo ni kijiti kidogo ambacho mtu mwingine ametupangia tayari. Mtoto ambaye hajawahi kupanga vijiti kwa mikono yake mwenyewe hawezi kuviona ndani ya rula. Kwake rula ni ubao mwembamba wenye tarakimu.

Jambo la kutia moyo ni kwamba somo hili halihitaji karo wala mwalimu wa ziada. Vifaa vyake viko jikoni, na mahali petu hapa kando ya Ziwa Victoria viko hata sokoni na ufuoni.

Vijiti viwili vilivyolingana

Kwanza ni vyema mzazi aelewe jinsi mtoto mdogo anavyouona urefu. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, aliyeishi kati ya 1896 na 1980, alikuwa na jaribio moja jepesi ambalo unaweza kulirudia mezani pako.

Chukua njiti mbili za kiberiti zilizolingana. Ziweke sambamba mbele ya mtoto wa miaka minne au mitano na umwulize ipi ndefu. Atasema zinalingana. Sasa, akiwa anatazama, sogeza moja mbele kidogo na umwulize tena. Yamkini atakwambia ile iliyosogezwa mbele ndiyo ndefu. Anatazama ncha moja tu, ile iliyotangulia, na anasahau kwamba nyuma nako pamebaki pengo.

Mzazi asiyejua hili atafoka: "Si umeona ni zilezile?" Lakini kufoka hakutambadilisha mtoto. Ubongo wake bado unajifunza kushika ncha zote mbili kwa wakati mmoja, na utakomaa kwa kushika na kulinganisha vitu mara nyingi. Mpe njiti azirudishe mwenyewe, azilinganishe, azisogeze tena. Siku moja, bila kuambiwa, atacheka na kusema: "Mama, bado zinalingana!" Hapo amepiga hatua kubwa kuliko kukariri ukurasa mzima.

Ndiyo maana darasa la chekechea huanza na maneno kabla ya tarakimu. Ndefu na fupi. Ndefu kuliko. Fupi kuliko zote. Mzazi anaweza kuyatia maneno haya katika kazi za kila siku. Unapoanua nguo, mwambie mtoto apange soksi kutoka fupi hadi ndefu. Ukitoka soko la Kibuye na mboga, mpe mashina ya sukumawiki ayapange mstari. Mkumbushe jambo moja tu: vitu vinavyolinganishwa sharti vianzie mahali pamoja, kama wakimbiaji wanaposimama kwenye mstari mmoja kabla ya filimbi kupulizwa. Kanuni hiyo ndiyo itakayokuwa sifuri ya rula baadaye.

Mwili ndio rula ya kwanza

Baada ya kulinganisha, mtoto yuko tayari kuhesabu urefu. Aanze na kifaa asichoweza kukisahau nyumbani, yaani mwili wake.

Waswahili walipima kwa mwili kwa karne nyingi na lugha yetu bado imehifadhi hazina hiyo. Kuna wanda, yaani upana wa kidole. Kuna shubiri, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimekunjuliwa. Shubiri mbili hufanya mkono au dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne hufanya pima, ambayo ni urefu wa mikono miwili ya mtu mzima ikiwa imenyooshwa huku na huku. Kwa hesabu za kawaida shubiri ilichukuliwa kuwa inchi 9, dhiraa inchi 18 na pima futi 6.

Mfundishe mwanao maneno haya, kisha mpime pamoja. Tuseme meza ya sebuleni ina urefu wa sentimita 140. Mama mwenye shubiri ya sentimita 20 ataipima mara 7. Mtoto mwenye shubiri ya sentimita 14 ataipima mara 10. Mwache mtoto ashangae. Meza ni moja, haijanyooka wala kurefuka, iweje majibu mawili?

Usikimbilie kumpa jibu. Mwulize yeye anaonaje. Wengine husema mama amekosea kuhesabu, kwa hivyo rudieni. Wengine husema yeye ndiye hodari kwa sababu amepata nyingi. Hatimaye ataweka kiganja chake juu ya cha mama na kuona mwenyewe: mkono mdogo hurudiwa mara nyingi, mkono mkubwa mara chache. Hilo ni wazo zito la hesabu, na watu wazima wengi hujikwaa juu yake wanapogeuza mita kuwa sentimita. Kadiri kipimo kinavyokuwa kidogo, ndivyo idadi inavyokuwa kubwa.

Omena mezani

Sasa tuingie jikoni. Pengine hakuna kifaa kifaacho kwa somo hili katika miji ya kandokando ya ziwa kuliko omena aliyekaushwa. Ni mwepesi, amenyooka, bei yake si ya kutisha, na baada ya somo anaoshwa na kupikwa.

Mpe mtoto mwiko na fungu la omena. Mwambie apime mwiko kwa kuwapanga omena kichwa kwa mkia kutoka mwanzo hadi mwisho. Wakiwa watoto wawili itakuwa bora zaidi, kila mmoja na fungu lake. Kisha tazama kimya kimya.

Kosa la kwanza litakuwa mianya. Mtoto ataweka omena mmoja hapa, mwingine pale, na kati yao pengo la kupitisha kidole. Kosa la pili litakuwa kupandanisha, mkia wa huyu juu ya kichwa cha yule. Kosa la tatu ni kutoanzia ncha ya mwiko, na la nne ni kupitiliza. Kila kosa lina swali lake la kuuliza. "Je, hapa kwenye pengo mwiko umepimwa au umerukwa?" "Hapa panapopandana, si tumepapima mara mbili?" Mtoto akijisahihisha mwenyewe, hatarudia kwa urahisi.

Baada ya hapo mtego wenyewe unaanza. Mmoja atasema mwiko una omena 8 na mwenzake atasema 10, na wote wawili wamepanga vizuri. Kunani? Watoto wenyewe watagundua kwamba mmoja alichagua omena wa sentimita 5 na mwingine wa sentimita 4. Mwiko wa sentimita 40 umetoa majibu mawili ya kweli, lakini hayafai kulinganishwa. Kipimo sharti kiwe kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, na kiwe kilekile kwa wote wanaopima.

Yeyote aliyewahi kugombana na muuzaji juu ya kamba au kitambaa anajua kwamba jambo hilo si mchezo wa watoto. Biashara yote ya dunia inasimama juu yake. Mtoto wa miaka sita amelipata kwa omena.

Kama nyumbani hakuna omena, vizibo vya soda vitafaa, au njiti za kiberiti. Kwa vitu virefu kama mlango au kitanda tumieni vijiti vya mwanzi au vipande vya mafunjo vilivyokatwa sawasawa. Akichoka kupanga vijiti vingi, mpe kijiti kimoja tu na umwache atafute njia. Mwanzoni atatatizika. Kisha atajifunza kuweka alama kwa chaki mwisho wa kijiti, akisogeze, aweke alama tena. Siku hiyo amekwisha kubuni rula.

Mita iliyozaliwa na ikweta

Bado swali moja. Ikiwa mikono ya watu hailingani na omena hawalingani, tuchukue kipimo cha nani?

Swali hili liliwasumbua watu wazima kabla ya kuwasumbua wanetu. Mwaka 1791 wataalamu wa Ufaransa waliamua kwamba kipimo kipya kisiwe cha mkono wa mfalme wala wa mfanyabiashara yeyote. Kiwe cha dunia yenyewe, ambayo ni ya wote. Walikubaliana kuchukua umbali kutoka ncha ya kaskazini ya dunia hadi ikweta, waugawe mara milioni 10, na sehemu moja iitwe mita. Wapimaji wawili, Delambre na Méchain, walitumia miaka kadhaa kuanzia 1792 wakipima ardhi kutoka Dunkirk hadi Barcelona ili kupata hesabu hiyo. Mwaka 1799 fimbo ya mita ya madini ya platini ikahifadhiwa Paris. Siku hizi, tangu 1983, mita hupimwa kwa mwendo wa mwanga, lakini urefu wake haukubadilika kiasi cha kuonekana kwa macho.

Kisa hiki kinatuhusu sisi moja kwa moja. Ikweta hiyo hupita Maseno, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, mwendo wa kilomita zipatazo 25 kutoka mjini. Mpeleke mtoto Jumapili moja, asimame kwenye mstari na umwambie: "Kutoka hapa unaposimama hadi ncha ya kaskazini ya dunia ni karibu mita milioni 10. Ndivyo mita ilivyopatikana." Hakuna kitabu cha Gredi ya 2 kitakachomfanya aiheshimu mita kama dakika hizo tano.

Mkirudi nyumbani, tengenezeni mita yenu. Kata kamba ya katani yenye urefu wa mita 1 kamili ukitumia utepe wa fundi wa nguo, ambao kwa kawaida una sentimita 150. Funga fundo katika kila sentimita 10 kwa kutia uzi wa rangi, bila kukunja kamba yenyewe isije ikafupika. Kamba hiyo iwe mali ya mtoto. Atembee nayo nyumba nzima akitafuta vitu vya mita 1, vya chini ya mita 1, na vya zaidi. Mlango utakaribia mita 2. Leso ya mama itakuwa mita 1 na nusu hivi kwa urefu. Karatasi ya kawaida ya kuandikia barua ina karibu sentimita 30.

Mkumbushe pia kwamba mji wake una mita maarufu. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence, ina upana wa mita 1 kamili kati ya chuma na chuma. Waingereza walioijenga walihesabu safari zao kwa maili na futi, lakini upana huo waliuchukua kutoka reli nyingi za India, ambazo zilikuwa za mita 1. Reli mpya inayotoka Mombasa ina milimita 1,435. Mtoto akinyoosha kamba yake sakafuni ataona jinsi garimoshi zima lilivyosimama juu ya nafasi asiyoweza hata kulala humo akajinyoosha. Lakini afanye hivyo sakafuni. Relini si mahali pa kuchezea.

Sentimita moja ina thamani gani?

Kuna wazazi watakaouliza: haraka ya nini? Si atajifunza akifika Gredi ya 5? Jibu liko ziwani, mbele ya macho yetu.

Tarehe 30 Juni 1994, hapa hapa Kisumu, Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mkataba ulioanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja. Kazi kubwa ya kulinda samaki tangu hapo imekuwa kazi ya rula. Chini ya kanuni ambazo nchi hizo zilikubaliana, mbuta asiyefikisha sentimita 50 hatakiwi kuvuliwa, kwa sababu bado hajapata nafasi ya kuzaa. Wavu wa kutega uwe na macho yasiyopungua inchi 5, yaani milimita 127, yakipimwa yakiwa yamevutwa. Wavu wenye macho madogo kuliko hayo humzoa mtoto na mzazi wake pamoja.

Mbuta anaweza kukua hadi karibu mita 2. Kumvua akiwa na sentimita 35 ni kama kuvuna hindi likiwa bado ua. Fundisho hilo mtoto anaweza kulishika kwa mkono. Chora kwa chaki sakafuni mstari wa sentimita 50 na umwambie: huyu ndiye mbuta mdogo kabisa anayeruhusiwa. Kisha mpange omena 10 wa sentimita 5 juu ya mstari huo. Mkienda sokoni atakuwa anatazama samaki kwa jicho jingine, na pengine atakuuliza swali ambalo muuzaji hatalipenda.

Au tazama maji yenyewe. Kina cha Ziwa Victoria hupimwa kila siku, na kituo kinachotajwa zaidi ni kile cha Jinja, ambako mto Nile hutokea. Mnamo Mei 1964 kipimo hicho kilifika mita 13.41. Rekodi hiyo ilikaa zaidi ya nusu karne. Mei 2020 ikafika mita 13.42. Sentimita 1 tu ya tofauti! Lakini mwaka huo maji yalifurika katika fuo nyingi, yakaingia nyumbani, mashambani na barabarani, na familia zikahama. Juu ya ziwa pana kama hili, sentimita 1 ni maji mengi mno.

Na kliniki je? Mhudumu wa afya anapomfunga mtoto utepe kwenye mkono, juu ya kiwiko, anatafuta kujua kama lishe yake inatosha. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mzunguko wa sentimita 12.5 na zaidi ni rangi ya kijani, salama. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, hatari. Kati ya hizo mbili pana sentimita 1 tu, upana wa ukucha wa kidole kidogo cha mtu mzima. Mama anayejua kupima anaelewa anachoambiwa, na anajua kwa nini haraka inahitajika.

Mambo sita ya kufanya nyumbani

Yafuatayo hayahitaji zaidi ya robo saa kila moja.

1. Ukuta wa kimo. Weka alama ya kimo cha kila mtoto mlangoni au ukutani kila mwisho wa muhula, pamoja na tarehe. Asimame bila viatu, visigino vikigusa ukuta. Acha watoto wapime wenyewe tofauti ya muhula huu na uliopita.

2. Kisia kwanza. Kabla ya kupima chochote, kila mmoja aseme anavyokisia. Andikeni makisio, kisha mpime. Aliyekaribia zaidi apongezwe. Baada ya wiki chache utaona makisio yanavyokaribia ukweli.

3. Kamba na mti. Zungusha kamba kwenye shina la mwembe, weka alama, kisha inyooshe chini. Watoto wengi hudhani kilichopinda hakina urefu.

4. Kivuli cha kijiti. Simika kijiti uani asubuhi, mpime kivuli kila baada ya saa moja. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba jua la hapa kwetu hupita utosini, na kivuli karibu kitoweke. Msitarajie saa sita kamili. Kisumu iko magharibi mno kwa saa zetu, kwa hivyo jua hufika juu karibu saa saba kasorobo.

5. Rula iliyovunjika. Usitupe rula iliyokatika. Mpe mtoto kipande kisicho na sifuri apime nacho. Atalazimika kuhesabu nafasi, na ile shida ya penseli tuliyoanza nayo itakwisha.

6. Kazi ya kweli. Mtume kupima dirisha linalohitaji pazia au meza inayohitaji kitambaa, na nunua kulingana na kipimo chake. Pazia likiwa fupi, nyote mtacheka, lakini safari ijayo atapima mara mbili.

Futi hapa, mita kule

Mzazi ajiandae pia kwa swali gumu. Shuleni mtoto hufundishwa mita. Akipita kwa wauza mbao atasikia futi na inchi, mbao mbili kwa nne, na mvuvi naye atazungumzia wavu wa inchi 5. Fundi wa nguo hukata kitambaa kwa mita huku akipima kiuno kwa inchi. Usimfiche. Mwonyeshe utepe wa fundi, ambao mara nyingi una inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Inchi 1 ni sentimita 2.54, na futi 1 ni karibu sentimita 30. Mtoto aliyewahi kupima meza moja kwa shubiri mbili tofauti hatashtuka hata kidogo. Anajua tayari kwamba urefu ni ule ule na kinachobadilika ni kipimo.

Mtaala wa umilisi, ambao ulianza kutumiwa kote nchini mwaka 2019, unakubaliana na mwendo huu. Katika gredi za chini mtoto hulinganisha vitu, hupima kwa hatua, kwa mikono na kwa vijiti, kisha ndipo huingia katika mita. Tatizo ni kwamba mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kumtazama kila mtoto akipanga vijiti, na mara nyingi picha ya kamba kitabuni huchukua mahali pa kamba yenyewe. Hapo ndipo mzazi anapohitajika. Sebuleni kuna mtoto mmoja au watatu, si sitini.

Tahadhari tatu tu. Ya kwanza, usiharakishe. Mtoto anayepima kwa omena akiwa na miaka saba hajachelewa. Ya pili, usimcheke anapokosea, maana ukimcheka ataficha makosa yake, na kosa lililofichwa halisahihishwi. Ya tatu, hakikisha usalama. Mazoezi ya ufuoni yafanywe mtu mzima akiwepo, mbali na maji. Ziwa lina viboko na mamba, na maji yake ya kina kifupi yana kichocho.

Wazee walinena, samaki mkunje angali mbichi. Kwa watu wa kando ya ziwa methali hiyo haihitaji kufafanuliwa. Mkono wa mtoto wa miaka sita bado ni mbichi, unapenda kushika, kupanga na kuuliza. Ukiupa kamba leo, kesho utashika rula ukijua unachoshika. Basi jioni hii, kabla omena hawajaingia sufuriani, mwite mwanao jikoni na umwulize: mwiko huu una urefu wa omena wangapi?